Sanda ya Amerikani

Mume wangu Mbaluka hakujua kusema uongo, na hiyo ndiyo sababu nusura anyongwe. Mtu mwingine yeyote katika laini zetu, hata yule mzee wa kanisa, angeulizwa alichoulizwa yeye angejikuna kichwa na kusema "mimi sijui, bwana," na mambo yangeishia hapo. Mbaluka alimtazama inspekta wa polisi usoni akajibu, "Ni mimi niliyemzika."

Lakini naona nakimbia. Wacha nirudi nyuma kidogo.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, Emajensi ya vita vya Mau Mau imepamba moto. Tulikuwa tunakaa kwenye laini za wafanyakazi wa timbo la mawe la Pritam Singh, kando ya mto Ruiru. Karibu sote tuliobaki tulikuwa Wakamba, kwa maana Wakikuyu tuliokuwa tukifanya kazi nao walikuwa wamezolewa na malori ya serikali, na hatukuambiwa wamepelekwa wapi. Sisi tulikuwa tukitazamwa kwa jicho la pembeni tu, lakini tulijua jicho hilo likigeuka limegeuka. Kwa hiyo kila mtu alifunga domo lake na kuchonga mawe.

Siku moja mwezi wa pili, baruti ilibomoa ukuta wa timbo na nyuma yake pakaonekana pango. Mbaluka alitumwa aingie kuangalia kama dari itawaangukia watu. Dari ilikuwa salama. Chini palikuwa na udongo wa majivu uliogandamana, maganda ya konokono, vijiwe vyeusi vyenye makali ya kunyolea ndevu, na kichwa cha mtu.

Nasema kichwa, lakini lilikuwa fuvu tu, na taya lake karibu yake, na vipande vya mifupa. Lilikuwa limeshikana na udongo kama tofali kwenye ukuta. Mbaluka alijua kwamba baruti ya kesho yake italisaga lote. Mtu mwenye akili za kawaida angetoka nje akanyamaza. Mume wangu alichukua mtarimbo, akalibandua fuvu lile pole pole mpaka likatoka, kisha akaja nyumbani.

Lazima niwaeleze jambo moja kumhusu. Babu zetu Ukambani hawakuwazika watu wote. Mzee mwenye heshima yake alichimbiwa kaburi, na wengi waliosalia walipelekwa msituni, fisi wakamaliza kazi. Misheni ilipokuja ikatufundisha kwamba kila mtu azikwe, na Mbaluka alilichukua fundisho hilo utadhani liliandikwa kwa ajili yake peke yake. Alikuwa akizika hata mbwa wa watu.

Basi alikuja nyumbani mchana, mimi niko kisimani, akafungua sanduku langu. Humo ndani nilikuwa na amerikani mpya, nyeupe, niliyoinunua nishone gauni la Pasaka. Aliirarua katikati. Akarudi nayo pangoni, akalifunga fuvu na ile mifupa mingine, akachimba shimo kwenye kona ya ndani isiyofikiwa na baruti, akazika, akapanga mawe juu, na akaomba.

Jioni akaniambia yote, kwa sababu, kama nilivyosema, ni mtu wa namna hiyo.

"Umempa maiti gauni langu?" nilimwuliza.

"Hakuwa na kitu, Ndila."

"Na mimi nina nini?"

"Una nusu nyingine."

Nilimnunia mpaka asubuhi. Nilipopoa nikamwuliza kwa nini hakumwambia Pritam Singh. Akasema Singh angeita polisi, polisi wangefunga timbo, na watu wangekaa njaa kwa ajili ya mtu aliyekufa ambaye alichohitaji ni shimo tu. Niliona ana haki. Laiti ningejua.

Sasa kulikuwa na Muasya. Huyu alikuwa nyapara wa timbo, mtu niliyekua naye tangu utoto. Baba zetu wote wawili walikata mkonge shamba moja huko Juja, na tulikunywa maji ya kisima kimoja. Alikuwa na mdomo mchafu. Kabla ya Krismasi aliupiga teke mtungi wangu wa maji mbele ya watu kwa sababu eti nimepitisha njia isiyo yangu, na Mbaluka, ambaye hajawahi kumgusa mtu, akamsukuma akaanguka matopeni. Watu walicheka. Wiki ile ile Muasya akatoweka, hakuaga mtu wala hakuchukua kitanda chake.

Nitawaambia sasa hivi ili msisumbuke: Muasya alikuwa mzima. Mwaka uliofuata alionekana Voi, ana kazi ya reli na mke mpya na kitambi. Nilipoletewa habari hiyo nilitamani kwenda kumzika mimi mwenyewe. Lakini wakati ule hakuna aliyejua. Mtu akitoweka siku zile, jibu lilikuwa moja tu, kwamba ameuawa.

Mwezi wa tatu polisi walikuja na mbwa kumtafuta Muasya. Mbwa aliingia pangoni, akafukua mawe, na polisi wakatoka na furushi la amerikani nyeupe ambayo haijaingia hata doa la ukungu. Walipolifungua, wanaume walirudi nyuma. Inspekta, Mzungu mrefu mwenye pua iliyoungua na jua, alituweka mstari na kuuliza nani amezika kitu hiki. Hapo ndipo mume wangu alipopiga hatua mbele.

"Nani hii?" inspekta akamwuliza.

"Sijui jina yake."

"Wewe naua yeye lini?"

"Sikuua yeye. Nilimkuta amekufa."

"Na kwa nini naficha?"

"Sikuficha, bwana. Nilizika."

Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilizidi kumfunga. Kulikuwa na mtu aliyegombana naye na kutoweka. Kulikuwa na fuvu, na udongo mpya, na nguo mpya ya mkewe, na yeye mwenyewe anakubali. Daktari wa serikali alitazama akasema ni mtu mzima, na kwamba fisi na siafu wanaweza kusafisha mwili kwa muda mfupi sana. Inspekta akaunganisha yake: Mbaluka amemwua Muasya porini, baadaye akaogopa, akakusanya mabaki na kuyaleta pangoni. Walimpeleka Thika akiwa na pingu. Na miaka ile kitanzi hakikupumzika.

Nilikwenda kwa Pritam Singh nikalia nyumbani kwake mpaka mke wake akaniletea chai. Pritam Singh alikuwa mtu wa makelele. Alikuwa akituita wapumbavu tangu kuche hadi kuchwe, na wewe ukiugua anakupeleka hospitali kwa lori lake huku anakuita mpumbavu njia nzima. Alizunguka sebuleni, akavuta ndevu zake, akapiga meza.

"Mbaluka ua mtu? Mbaluka naomba ruhusa kwa jiwe kabla ya kupiga! Ingia lori. Twende kwa Jasbir."

Jasbir alikuwa binti wa dada yake. Alikuja mwaka wa arobaini na saba kutoka Lahore, wakati nchi yao ilipogawanywa na watu wakachinjana. Alifika na sanduku moja la bati na cheti chake cha kemia. Kiwanda cha mananasi cha Thika kilimwajiri apime maji, kwa maana maji ya visima vya pande zetu yana floridi nyingi. Ndiyo inayotufanya sisi tuliozaliwa huku tuwe na meno ya rangi ya chai. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, alipokuja timboni kuchota maji ya kisima chetu kwenye chupa. Mwanamke mwembamba, hana cheko.

Tulimkuta kwenye chumba chake cha kazi, nyuma ya kiwanda, kunanuka sukari iliyoungua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye amerikani aliinua mkono.

"Ngoja. Yeye naweka nguo kwa huyu mtu? Nguo mpya?"

"Ndiyo. Yangu."

Kisha akauliza kama ndani ya fuvu kulikuwa na udongo, na kama ulikuwa mgumu. Nikamwambia Mbaluka alisema ni mgumu kama saruji.

"Hii mtu iko mzee," akasema. "Mzee sana. Zaidi ya babu ya babu yako. Lakini sisi lazima onyesha."

Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, na nilimwelewa vizuri kuliko watu wengi wanaojua kukinyoosha. Alisema mifupa ya pangoni hujulikana umri wake kwa mahali ilipolala. Udongo wa pango hujipanga tabaka juu ya tabaka, la chini ni la kale kuliko la juu, na mfupa ukikutwa chini ya matabaka ambayo hayajachimbuliwa, basi ushahidi uko wazi. "Lakini bwana yako toa yeye kitandani," akasema. "Vunja tabaka yote. Sasa hakuna mtu najua yeye alilala wapi."

"Bwana yangu akikuta simba amelala atamfunika blanketi," nikasema, na nikaanza kulia tena.

"Usilie. Kama kitanda naharibika, mfupa yenyewe taongea."

Alichukua kipande cha mfupa wa mbuzi wa mchuzi wa juzi, akakishika kwa koleo juu ya moto. Chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Akasema hiyo ni gundi iliyo ndani ya mfupa wa kila kiumbe, na ndani ya gundi hiyo mna naitrojeni. Mfupa ukikaa ardhini, gundi hutoka kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka inaisha. Na wakati gundi inatoka, floridi ya maji ya ardhini inaingia. Kimoja kinatoka, kingine kinaingia, na anayejua kupima vyote viwili anajua mfupa ni wa juzi au wa kale. Miaka hasa ni mingapi, asingeweza kusema. Alisema Ulaya na Marekani wapo wanaopima kaboni na kupata hesabu ya miaka, lakini huko ni mbali, na mahakama haitangoja.

Sijasoma zaidi ya kitabu cha pili. Lakini harufu ile ya mfupa wa mbuzi niliielewa. Kwa mara ya kwanza tangu wamchukue, nilihisi pumzi yangu inafika chini.

Kesho yake tulikwenda kituoni, Pritam Singh, Jasbir na mimi. Inspekta na daktari walikuwepo. Walizungumza Kizungu na Pritam Singh akawa ananitafsiria kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya mtu wa kawaida.

Jasbir alimwuliza inspekta kama amesoma habari za lile fuvu la kwao Uingereza. Miaka arobaini wakubwa wa elimu walilisifu kwamba ni la binadamu wa kale kabisa, na miezi michache iliyopita ikagunduliwa kuwa ni ulaghai, taya la nyani mkubwa limewekwa na kichwa cha mtu na kupakwa rangi. Inspekta akasema amesoma, nani hajasoma. Jasbir akasema kipimo kilichofichua kwamba mfupa wenu ni mchanga ndicho kitakachoonyesha kwamba wetu ni mkongwe. Inspekta alicheka. Sikutegemea. Baadaye nilikuja kuona kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mtu aliyejitaja mwenyewe, na kazi ilionekana imeisha.

Daktari ndiye aliyekuwa mgumu. Akasema floridi haithibitishi kitu kwa watu wa Ruiru. "Tazameni meno ya mwanamke huyu," akasema, akaninyooshea kidole. "Hawa wanakunywa floridi tangu kuzaliwa. Muasya naye alikunywa. Utaikuta mfupani mwake hata kama amekufa jana." Kuhusu gundi, akasema haina maana pia, kwa sababu wauaji huchoma maiti, na mfupa uliochomwa gundi yake huisha papo hapo.

Nilimwangalia Jasbir. Nilidhani tumekwisha. Yeye alikuwa anatikisa kichwa kumkubalia daktari, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Ni kweli," akasema. "Basi nahitaji jino la mtu aliyekunywa maji yale yale aliyokunywa Muasya, tangu utoto."

Pritam Singh alipomaliza kunitafsiria, nilijua ni mimi. Nilikuwa na gego moja la chini lililokuwa likinisumbua, linapoa na kurudi. Lakini hata lingekuwa zima ningelitoa. Wangetaka yote ningetoa yote, nikala uji maisha yangu.

"Wang'oe," nikamwambia Pritam Singh. "Waambie wang'oe sasa hivi, wasibadilishe mawazo."

Daktari aliling'oa yeye mwenyewe, hapo hapo kituoni, ili baadaye asije akasema limebadilishwa. Ai, mwaitu, mama wee! Sindano yake ya ganzi ilifika mwenye maumivu ameshalia. Nilimshika Pritam Singh mkono mpaka na yeye akapiga kelele, na huko seli, naambiwa, Mbaluka alisikia akadhani napigwa, akaanza kugonga mlango. Kisha daktari akang'oa gego kutoka kwenye taya la yule mtu wa pangoni. Huyo hakupiga kelele.

Meno yale mawili yakawekwa kwenye chupa mbili zenye lakiri, na daktari akayafuata mpaka kiwandani. Jasbir alilipasua langu katikati. Nusu moja akaiacha ilivyo. Nusu ya pili akaitia kwenye tanuru lake dogo mpaka ikawa nyeupe kama chaki. Ile harufu ya nywele ilinifikia nikiwa nimekaa nje mlangoni na pamba mdomoni. Kisha akakishika kipande cha lile gego la pangoni juu ya moto, akanusa, akampa daktari anuse. Daktari alinusa mara nyingi. Hakukuwa na harufu ila ya vumbi.

Hiyo ilikuwa ya kuonja tu. Kupima kwenyewe kulichukua siku kadhaa, kusaga, kuchemsha na kudondosha dawa. Kila siku nilikuja kukaa pale mlangoni nikisuka kiondo, kwa kuwa nyumbani sikuweza kukaa. Nilisuka na kufumua. Jasbir hakuniambia niondoke. Alitoka wakati wa chakula akaketi karibu nami, akanipa chapati laini ambayo ningeweza kuitafuna kwa upande mmoja. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi, kwa sababu ya mdomo uliovimba, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa hivyo pia.

Siku ya majibu, sote tulirudi kituoni na Mbaluka akaletwa. Alikuwa amekonda. Jambo la kwanza aliloniuliza ni shavu langu lina nini.

Jasbir aliongea polepole na Pritam Singh akanitafsiria. Nusu ya jino langu ambayo haikuchomwa ilikuwa na floridi ya kutosha, kama daktari alivyosema, na gundi yake yote. Nusu iliyochomwa haikuwa na gundi, tena kama daktari alivyosema, lakini floridi yake ilikuwa ile ile, haikuongezeka. Kwa hiyo maji ya kisima yanaweza kutia floridi lakini hayatoi gundi, na moto unaweza kutoa gundi lakini hautii floridi. Gego la pangoni lilikuwa halina gundi hata kidogo, na floridi yake ilikuwa nyingi mno kuliko yangu. Kitu kinachofanya yote mawili kwa pamoja, akasema, ni kimoja tu, nacho ni kulala ardhini muda mrefu sana.

"Muda gani?" inspekta akauliza.

"Alikufa kabla hapajakuwa na Thika. Kabla hapajakuwa na Mkamba, Mkikuyu, Mhindi wala Mwingereza. Ukimtafuta aliyemwua, umechelewa maelfu ya miaka."

Kila mtu alimgeukia daktari. Alikaa akizipitia zile hesabu, na mimi nilimwombea, kweli nilimwombea, Mungu amlainishe. Mwishowe akavua miwani na kusema hana la kupinga. Amehesabu mwenyewe na hesabu zinakubaliana. Nimewahi kumchukia mtu yule, lakini namshukuru kwa neno hilo, kwa sababu angeweza kujikausha, na nani angemwuliza?

Inspekta alimtazama Mbaluka. "Kwa nini wewe hapana sema hii mtu iko ya zamani?"

"Hukuniuliza, bwana. Uliuliza nani amezika."

Walimfungua pingu. Alisimama akijisugua mikono, hajui aende wapi, mpaka Pritam Singh alipomkumbatia na kumwita mpumbavu kwa lugha tatu.

Jasbir alikuwa amesharudi kazini. Hakungoja kushukuriwa. Lakini sisi tusingeweza kurudi Ruiru hivyo hivyo. Nilichukua kiondo changu, ambacho tangu siku ile ya chapati sikukifumua tena na kilikuwa kimekamilika ila vishikio, tukatembea mpaka kiwandani. Njiani nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba amenirudishia mume, kwamba sina kitu kinachotosha, kwamba kila nikila na kila nikilala nitamtaja. Mbaluka aliniuliza tu kama yule mtu atazikwa tena, na nikamwambia makumbusho ya Nairobi wamemwomba, watamweka mahali pazuri pakavu. Alifikiri, akasema si vibaya, mradi asitupwe.

Jasbir alitoka nje kutupokea, mikono ina madoa ya dawa. Nilimpa kiondo na nikasahau kila neno nililopanga. Nikabaki nasema, "Mungu akubariki, dada. Mungu akubariki."

Alikigeuza kiondo mikononi. Kisha akamtazama Mbaluka.

"Mimi taka uliza kitu. Kwa nini wewe weka yeye nguo? Hapana jua yeye. Hapana iko ndugu yako."

Mbaluka aliona haya. "Alikuwa peke yake," akasema.

Jasbir aliketi kwenye ngazi ya mlango, pale pale nilipokuwa nikikaa mimi. Alitueleza akitazama chini. Walipokuwa wanatoka Lahore walikuwa na mdogo wake wa kiume. Alipigwa kisu barabarani, mchana, katika umati wa watu wanaokimbia, na akafa mikononi mwao. Watu nyuma walikuwa wanasukuma. Hapakuwa na kuni za kumchoma kama inavyotakiwa kwao, hapakuwa na muda, na nguo yoyote waliyokuwa nayo walikuwa wameivaa. Walimlaza kando ya barabara wakaendelea kukimbia.

"Mwaka saba mimi naomba Mungu," akasema. "Naomba tu iko mtu moja pita hiyo barabara, hata kama hapana jua yeye, weka nguo juu yake. Siku ile Ndila nasema habari ya amerikani, mimi nasema kwa roho yangu, hii mtu hapana kufa." Akamwinulia Mbaluka uso. "Wewe sema mimi. Iko mtu alipita?"

Mtu yeyote mwenye huruma angejibu ndiyo, bila shaka alipita mtu, tulia. Nilitamani kumjibia. Nilimjua mume wangu, na nilijua hawezi.

Mbaluka alichuchumaa mbele yake ili wawe sawa.

"Hiyo sijui, dada," akasema. "Siwezi kukudanganya. Lakini kama ningekuwa mimi ndiye napita, ningemfunika."

Jasbir alimwangalia muda mrefu, na niliona kwamba anamwamini, kwa sababu alijua mtu huyu husema lililopo tu. Alilia kama mtu ambaye amengoja ruhusa. Kisha akaushika mkono wa Mbaluka kwa mikono yake miwili akasema asante, akasema tena asante, yeye akitushukuru sisi tuliokuja kumshukuru.